Mama Yake Nani?

Mwalimu hakishiki kitabu cha ubatizo akiwa na vumbi la njiani. Hunawa kwanza kwenye bomba lililo nje ya ofisi ya parokia, hujifuta kwa leso mpaka katikati ya vidole, kisha huketi na kukipokea kwa mikono miwili kutoka kwa karani. Jalada limeliwa pembeni, na mgongoni kimeshonwa upya kwa uzi mnene. Halitafuti jina mara moja. Husoma kurasa mbili tatu za mwaka anaoutaka, mstari kwa mstari, "ili nizoee mkono wa padri." Kila padri alikuwa na mwandiko wake, na ukiuparamia utasoma n mahali penye u, ukarudi nyumbani na babu wa watu wengine.

Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwenyeji wa Muleba, mwenye miaka zaidi ya sabini, anayewatafutia watu koo zao. Humjia vijana wanaotaka kuoana, wazee wao wakiwa na wasiwasi kwamba huenda ni watu wa damu moja. Humjia wenye mgogoro wa kibanja, yaani shamba la migomba la ukoo. Lakini wengi ni wale waliozaliwa Mwanza, Dar es Salaam au Kampala, wakaja kumzika mzazi, wakasimama mgombani katikati ya makaburi wasiyojua majina yake. Hadai malipo. Ukimletea sukari na sabuni anapokea, ukija mikono mitupu anakukaribisha vilevile. Nimefuatana naye kwa misimu miwili ya senene. Nilianza kwa shida yangu mwenyewe, nikaendelea kwa sababu sikuweza kuacha kumtazama akifanya kazi.

Anayekuja kwake huja na orodha. Wahaya tunafundishwa orodha tungali wadogo: oluganda lwako, yaani ukoo, muziro wako, mnyama au kitu ambacho watu wa ukoo wako hawakili wala hawakiui, kisha baba, baba wa baba, na kuendelea juu kadiri pumzi inavyoruhusu. Wahinda muziro wao ni tumbili, enkende. Wababito waliotawala Kiziba wanamheshimu pongo. Ndani ya ukoo kuna matawi, nayo huitwa amahiga, neno lilelile la mafiga ya jikoni, na mtu asiyejua ihiga lake hajui aliota moto wapi. Orodha hii ina uzito kuliko inavyodhaniwa na wageni, kwa sababu zamani hatukuwa na jina la familia. Kila mtoto alipewa jina lake mwenyewe. Babu, baba na mwana wangeweza kubeba majina matatu yasiyofanana hata silabi moja, na kilichowashikamanisha kilikuwa kinywa cha anayewataja kwa mfuatano.

Mwalimu habishani na orodha ya mtu. Huiandika yote kwa penseli katika daftari la mistari. Kisha hurudi kwenye jina la juu kabisa, analigonga kidogo kwa ncha ya penseli, anauliza: "Na huyu, mama yake nani?"

Hapo wengi hunyamaza. Mimi pia nilinyamaza.

Nilidhani ni swali la kunitega. Baadaye nikaelewa kwamba ndilo msingi wa kazi yake yote. Orodha ya mdomo ilitengenezwa kwa ajili ya urithi, na ardhi ilishuka kwa wanaume, kwa hiyo kinywa kilihifadhi wanaume. Tena kilihifadhi warithi. Ndugu aliyehama, aliyekufa bila mtoto wa kiume, aliyegombana na wenzake akavuka kwenda Buganda, hao hudondoka polepole, na vizazi viwili vya watu wadogo hugeuka kuwa kizazi kimoja cha mtu mkubwa. Mwalimu anaupenda mdomo, lakini anaujua. Akisikia ukoo unaomfikia Ruhinda, mwanzilishi wa Wahinda, kwa hatua tano, haongezi neno. Anaacha mistari mitupu kati ya majina, mingi, akingoja.

Kuna mtego mwingine ambao asiyekulia huku hawezi kuuona: omukago. Watu wawili wasio ndugu walipaka damu yao kwenye punje mbili za kahawa zilizolala katika tunda moja, kila mmoja akameza ya mwenzake, na tangu siku hiyo wakawa ndugu kuliko ndugu. Watoto wao waliitana kaka na dada. Wajukuu walirithi maneno hayo bila kurithi kisa chake. Kwa hiyo mzee akikwambia "yule ni ndugu yetu," Mwalimu huuliza kwa upole ni ndugu wa tumbo, wa oluganda au wa kahawa. Mara nyingi mzee hucheka, anavuta kiti karibu, na hapo ndipo mazungumzo yenyewe yanapoanza.

Si kwamba vitabu vya historia havipo. Hermann Rehse, ofisa wa Kijerumani, alichapisha kitabu kizima kuhusu Kiziba mwaka 1910. Francis Xavier Lwamgira aliandika kwa Kihaya habari za Kiziba na wakama (wafalme) wake, na kuna nyumba ambamo kitabu chake kinatunzwa sandukuni pamoja na vyeti vya shule. Hans Cory na mwenzake Hartnoll walikusanya sheria za kimila za Wahaya zikachapishwa mwaka 1945, pamoja na koo na miziro yake. Mwalimu ana nakala ya sheria hizo iliyopigwa fotokopi mpaka herufi zimefifia. Huitumia kama mtu anavyotumia ramani ya nchi kutafuta mlango wa nyumba: inakufikisha wilayani, baada ya hapo uliza watu.

Na watu wanajua. Pale Katuruka, karibu na Maruku, wazee waliusimulia mti wa Kaiija na ikulu ya Mukama Rugomora Mahe, wakisema mahali hapo palifuliwa chuma zamani za kale. Peter Schmidt, mwanaakiolojia kutoka Marekani, alianza kuwasikiliza mwishoni mwa miaka ya 1960, akachimba walipomwelekeza, na ardhi ikatoa mabaki ya ufuaji chuma ya miaka zaidi ya 2,000. Mwalimu hukitaja kisa hiki kila anapokutana na kijana anayedharau maneno ya wazee. Anakitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ushindi wa jamaa yake.

Turudi kwenye kitabu cha ubatizo, maana hapo ndipo ustadi wake unaponikosesha usingizi.

Mapadri Weupe, wakiongozwa na Askofu Hirth, walifika kutoka Buganda na kuanzisha misheni ya Kashozi mwaka 1892. Seminari ya Rubya, iliyo ndani ya Muleba ya leo, ilianza mwaka 1904. Walutheri wa Bethel walifika Bukoba mwaka 1910, wakakuta Wahaya waliokwisha kujifunza Injili ng'ambo Buganda. Miaka hii Mwalimu ameishika kama mkulima anavyoshika mvua, kwa sababu inamwambia aende wapi. Mtu wa Ihangiro, huku kwetu Muleba, aliyebatizwa kabla parokia ya kwao haijazaliwa hatapatikana katika vitabu vya kwao. Atakuwa katika kitabu cha parokia mama, pengine mwendo wa siku mbili kwa miguu ya wakati ule. Hata vichwa vya karatasi hubadilika. Mwaka 1953 kulikuwa na Jimbo la Rutabo, chini ya Askofu Laurean Rugambwa, mwana wa Kamachumu. Mwaka 1960, mwaka aliofanywa kardinali, jimbo hilo likaitwa Bukoba. Asiyejua hilo hupekua rafu isiyo yake siku nzima.

Mstari wa kitabu cha ubatizo ni mfupi: namba, tarehe, jina la ubatizo, jina la nyumbani, baba, mama, kijiji, msimamizi, padri. Kwa miongo mingi vitabu hivi viliandikwa kwa Kilatini, na Mwalimu, ambaye hakusoma seminari, amejifunza Kilatini cha vitabu hivyo neno kwa neno. Analolipenda kuliko yote ni *circiter*, "yapata". Mtu mzima alipokuja kubatizwa baada ya miaka ya ukatekumeni, hakuna aliyejua alizaliwa lini. Padri alimtazama, akakadiria, akaandika: yapata miaka 20. Ndiyo maana wabatizwa wa zamani wengi wana miaka 20, 25 au 30, na ni wachache sana wenye 23. Mwalimu haandiki mwaka wa kuzaliwa kutokana na makadirio hayo. Anauliza nyumbani: alikuwa amezaliwa ng'ombe walipoisha kwa sotoka? Alikuwa anatembea Emin Pasha alipojenga ngome Bukoba, 1890? Aliikumbuka mizinga ya Waingereza walipoushambulia mji Juni 1915? Jibu moja la bibi kizee hukaza tarehe kuliko kalamu ya padri.

Kisha kuna masikio. Kihaya hakiweki ugomvi kati ya r na l, kwa hiyo Lwamgira na Rwamgira ni mtu mmoja, na karani wa leo akitafuta kwa herufi moja tu hataipata nusu ya ukoo. Padri Mfaransa alisikia vyake, Mjerumani vyake. Kiziba huandikwa Kissiba, Kihanja huwa Kianja. Mwalimu hulisoma jina kwa sauti, mara mbili, mara tatu, akilisukuma huku na huku mdomoni, mpaka ghafla linakuwa jina la mtu. Nimeliona jambo hilo likitokea. Maandishi yaliyokuwa kama uchafu wa wino yaligeuka kuwa bibi wa jirani yake.

Majina yenyewe nayo husema. Mapacha kwetu ni Kakuru na Kato. Anayezaliwa baada yao ni Kaiza, anayemfuata Kaiza ni Kamala. Siku moja tulikuta Kaiza kitabuni, na orodha ya familia ikadai alikuwa mtoto wa kwanza na wa pekee. Mwalimu alitua penseli. "Kaiza hatangulii," akasema. Maana yake kulikuwa na mapacha kabla yake, hawakufika kwenye maji ya ubatizo, na nyumba ikaacha kuwataja. Akaandika mistari miwili juu ya Kaiza, bila majina, akaweka nukta mbele ya kila mmoja. Aliyekuja kuuliza habari za babu yake akaondoka na watu wawili zaidi wa kuwaombea.

Pembezoni mwa ukurasa kuna hazina nyingine. Tangu mwaka 1908 Kanisa Katoliki liliagiza kwamba ndoa ya mtu iandikwe pia kwenye mstari wa ubatizo wake, popote alipofungia. Kwa hiyo msichana aliyebatizwa Kashozi akaolewa Kampala miaka 20 baadaye, habari yake ilitakiwa irudi na kuingizwa kwa wino mwingine ubavuni mwa jina lake. Mwalimu huanzia pembezoni. Nyumbani wanasema shangazi fulani "alipotea". Kitabu kinasema alikwenda wapi na akaolewa na nani.

Lakini safu anayoisoma kwa heshima kubwa zaidi ni ile ya mama. Padri hakuwa na shida ya urithi wa vibanja. Alitaka kujua roho hii imetoka kwa nani, basi akaandika wote wawili, na mwanamke akaandikwa kwa jina lake, Koku-hivi au Nya-vile, si "mke wa fulani". Kwa kuwa mwanamke wa Kihaya haachi oluganda lwa baba yake anapoolewa, jina hilo moja hukupeleka kwenye ukoo mwingine, muziro mwingine, kijiji kingine. Yale ambayo mdomo uliyaacha yakaanguka, kitabu kiliyaokota bila kukusudia.

Vitabu hivi si vya umma, na Mwalimu hataki viwe. Huenda na barua ya mwenyekiti wa jumuiya, hapigi picha, na hunakili mstari alioruhusiwa tu. Kuna mistari ambayo mahali pa baba pameandikwa kwamba hajulikani. Akikutana na mstari wa namna hiyo, haonyeshi uso wowote. Humngoja mwenyewe nje, peke yake, chini ya mti, na kumuuliza kama anataka kujua kila kitu au anataka kujua jina tu.

Ardhi humjibu kwa namna nyingine. Tukifika kwenye kibanja, hatuendi nyumbani moja kwa moja. Tunazunguka mpakani kwanza, tukifuata emiramula, ile mimea ya majani marefu inayopandwa kuweka mipaka na kuonyesha makaburi. Jina lake linatokana na kuamua, na mashahidi wa kesi nyingi za vibanja ndio hao. Mlamula uliosimama katikati ya migomba, pasipo mpaka wowote, humfanya Mwalimu avue kofia. Huchota udongo pia. Udongo wetu wa asili ni hafifu. Weusi wa kibanja umetengenezwa na watu, kwa samadi na majani yaliyobebwa kutoka rweya, nyika ya nyasi, mwaka baada ya mwaka. Ukoo unaodai kukaa mahali tangu enzi za wakama, udongo wake ukiwa mwekundu shubiri moja tu chini, una swali la kujibu.

Swali hilo wakati mwingine linauma, kwa sababu ya nyarubanja. Mukama aliweza kumpa jamaa yake au kipenzi chake eneo pamoja na watu waliomo, na waliolala wenye kibanja wakaamka watwarwa, wakitoa pombe, ndizi na kazi kwa bwana mpya. Sheria ya mwaka 1965 iliukomesha mfumo huo, lakini kumbukumbu zake hazikufutika kwa sheria. Mwalimu anajua nani alikuwa mtwarwa wa nani katika vijiji vingi. Sijawahi kumsikia akilisema mbele ya watu.

Mafaili ya mahakama ni kitabu cha ukoo pia. Kesi iliyofika mbali zaidi ilianzia hapahapa Muleba, Mahakama ya Mwanzo Kashasha. Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, akaiuza Agosti 1988 kwa Gervazi Kaizilege kwa shilingi 300,000. Bernardo Ephrahim, mtu wa ukoo wake, akadai kuwa mila ya Wahaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana naye, ya Wilaya ikatengua, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba mwanamke ana haki ileile aliyonayo mwanamume. Wanasheria wanaisoma hukumu hiyo kwa ajili ya Katiba. Mwalimu huitaja kwa sababu nyingine: baada ya hapo, anasema, watu wa kesi walianza kuleta orodha zenye mabinti.

Kazi hii ina haraka ambayo yeye mwenyewe haionyeshi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania walikuwa wa mkoa huu, mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata vijiji vilipoteza kizazi cha katikati, wale ambao wangepokea maneno ya wazee na kuwapa watoto. Watoto walilelewa na bibi zao. Bibi walipoondoka, walibaki watu wazima wanaojua jina la baba na hakuna zaidi. Kisha tetemeko la Septemba 10, 2016 likaangusha nyumba, na masanduku ya karatasi yakanyeshewa chini ya matofali. Nimewaona watu hao wakiketi mbele ya Mwalimu, wanaume wenye mvi wakishika cheti cha ubatizo cha mama kwa vidole viwili. Na cheti kina namba. Kwake namba inatosha.

Kwetu orodha iliishia kwa baba wa babu yangu. Nyumbani tulisema tumekuwa kwenye kibanja hiki tangu mwanzo. Katika vitabu vya karibu hakuwepo. Mwalimu alitafuta miezi minne, parokia kwa parokia, akirudi nyuma kwenye zile kongwe, na mwishowe tulimpata upande wa Bukoba: jina la ubatizo, jina la nyumbani, yapata miaka 18, jina la baba, pembezoni ndoa iliyofungwa Rubya. Na mama. Herufi tisa. Kijiji hakikuwa chetu. Mwalimu alikaa kimya, halafu akasema mtoto huyu alikulia kwa wajomba zake, na kwamba lazima twende.

Tulikwenda Jumanne moja baada ya mvua. Tulielekezwa kwa bibi aliyekuwa akianika maharage uani. Mwalimu alimwamkia kwa Kihaya, akaulizia afya ya nyumba nzima, akaupokea mkeka. Jina hakulitoa mpaka tulipokwisha kutafuna kahawa. Alilisoma kama padri alivyoliandika. Bibi akatikisa kichwa. Akamwomba arudie. Kisha akalitamka yeye, akiongeza silabi moja katikati ambayo kalamu ilikuwa imeimeza, akaonyesha kwa kidevu mlamula uliokuwa nyuma ya zizi la zamani, akataja oluganda na muziro.

Mwalimu alifuta kwa raba, akapuliza karatasi, akaandika upya kwa silabi zote. Jina silitaji hapa. Ni la nyumbani. Juu yake aliacha mstari mtupu, akausawazisha kwa kiganja, akainua macho kwa yule bibi.

"Waitu," akamwambia, "na yeye, mama yake nani?"